Kibaba, Pishi na Sifuri

Mafundi wamesifiwa tangu kale, kila mmoja kwa kazi yake iliyoonekana: muundaji wa jahazi kwa chombo kilichoelea, mhunzi kwa jembe lililokata ardhi, seremala kwa mlango wa nakshi ulioipa nyumba heshima kabla mgeni hajabisha hodi. Yuko fundi mmoja ambaye sijamsikia akitajwa katika sifa hizo, labda kwa sababu kazi yake ikitimia haiachi kitu cha kushikwa kwa mkono, ila namba iliyokuwa batili imekuwa sahihi. Namkusudia fundi wa kompyuta aletewapo mashine nzima inayodai kuwa mahututi, au mashine mahututi inayodai kuwa nzima. Na nia yangu katika insha hii ni kulipa deni ambalo fedha niliyompa fundi wa namna hiyo, mjini Mwanza, yapata miaka ishirini iliyopita, haikulimaliza.

Zama zile nilikuwa na kompyuta ya mezani, ya mtumba, iliyotumikia watu wengine ng'ambo kabla ya kushushwa Dar es Salaam na kupakiwa garimoshi hadi kwetu. Niliipenda kama mtu apendavyo mnyama mzee aliyemrithi, pamoja na kelele zake zote, hata siku moja nilipochoshwa na mvumo wa feni ya prosesa yake, nikaing'oa na kutia nyingine iliyo pana na ya taratibu, na nyumba ikapata utulivu. Siku chache baadaye nikapata programu inayofunua hali ya ndani ya mashine, nikaifungua kwa udadisi tu, nayo ikanionyesha mistari miwili iliyonitia hofu: feni, mizunguko 0 kwa dakika, joto la tatu, nyuzi 127. Feni nilikuwa naisikia ikizunguka, na bati la kupozea lilikuwa vuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Lakini namba ina haiba yake, na mtu aliyesoma huogopa tarakimu kuliko anavyokiamini kidole chake. Nikaizima mashine upesi, nikaifunga kwa shuka, nikaipeleka Makoroboi.

Makoroboi ni sehemu ya Mwanza iliyopachikwa katikati ya majabali, na jina lake limetokana na koroboi, kile kitaa cha bati chenye utambi ambacho mafundi wa hapo walikitengeneza kwa vyuma chakavu. Mji wenyewe umeota juu ya mawe: nyumba zimekaa juu ya mawe, kati ya mawe na chini ya mawe, na pale ziwani jabali la Bismarck limesimama juu ya wenzake kana kwamba upepo wa jioni moja ungetosha kuliangusha, na miaka yote haliangushwi. Katika chumba kidogo kilichoegemea jiwe mojawapo, chini ya taa ya tubu iliyokuwa ikiwaka mchana kwa kukosa dirisha la maana, nikamkuta kijana aliyenipokea kwa mwangaluka ya Kisukuma, kisha, alipoziona mvi zangu vizuri, akaongeza shikamoo.

Nilimweleza maradhi ya mashine kwa kirefu, naye akasikiliza bila kunikata neno, kisha akauliza swali moja tu. "Mzee, umebadili nini humu ndani?" Nikamjibu kwamba sikubadili kitu, kwa kuwa feni niliyoitia nilikuwa nimeihesabu kuwa tiba, na aliyetoa tiba hadhani kwamba amebadili kitu. Hakubishana nami. Nilitaraji atashika bisibisi, walakini aliiweka mashine juu ya meza yake, akaifunika tena kwa shuka langu, akasema, "Ikiwa na moto haitatuambia neno la kushika. Iache ilale, mzee. Njoo kesho asubuhi, kabla mabati haya hayajapata jua."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeudhika kidogo, kama mgonjwa aliyeambiwa na tabibu kwamba dawa yake ni usingizi. Bali alfajiri ya pili ilinifundisha hikima ya agizo lile. Mashine iliyozimwa usiku kucha haina joto lake yenyewe, na kila kilichomo ndani yake, tangu prosesa hadi msumari wa mwisho, kimelingana na hewa ya chumba. Hivyo iwashwapo, katika dakika ile ya kwanza kabla umeme haujaipasha, vihisio vyake vyote vinakuwa vimeulizwa swali moja ambalo muulizaji analijua jibu lake. Ukutani palining'inia kipimajoto cha zebaki, kirefu, cha namna itumikayo maabara, nacho kilisoma nyuzi 25. Fundi akaiwasha mashine. Joto la kwanza likajitangaza kuwa 26, la pili 28, la tatu 127. "Wote wamelala chumba kimoja," alisema, "na huyu mmoja ameamka na homa ya peke yake."

Akanipa na kanuni ya upande wa pili, ambayo ni nyepesi kusema na aghalabu husahauliwa: kitu kinachopozwa kwa hewa hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa ile inayokipoza, kwa hiyo mashine ikidai kuwa ina nyuzi 12 katika chumba chenye nyuzi 25, hakuna haja ya kutafuta ushahidi zaidi. Baada ya hapo akaitwika prosesa hesabu nzito zisizo na faida kwa yeyote, ili ifanye kazi na kutoa jasho, akaweka kidole chake kwenye bati la kupozea, macho kwenye kioo. Joto la kwanza likapanda kwa uvivu, la pili likapanda kwa haraka hadi likapita 50, kidole kikaanza kulalamika. La tatu halikutikisika. Shahidi wa kweli hubadili maneno yake mambo yanapobadilika, na yule anayekariri neno lile lile baridi na moto hakuona kitu.

Wala hakuwa ameona kitu, kwa kuwa hakuwa na macho. Mtengenezaji wa chipu ya vipimo alikuwa ameipa njia tatu za kupokea habari za joto. Mtengenezaji wa mazabodi akatumia njia mbili, na ya tatu akaiacha bila kihisio, kama bomba lisilofika kisimani. Chipu haikujua kwamba bomba ni tupu. Ilikuwa na nafasi ya tarakimu saba za jozi za kuandikia joto, na ya nane ya kuandikia kama ni juu au chini ya sifuri. Na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa tarakimu saba za namna hiyo ni 127. Nilichokiogopa mimi usiku kucha hakikuwa joto hata kidogo, bali ukingo wa chombo, na mtu anayeujua ukingo wa chombo hataudhania kuwa ni habari ya kilichomo.

Hapo nikajiona mwerevu, nikamgeuzia swali lake. Kama kila shahidi sharti ajaribiwe, nani alikijaribu kipimajoto cha ukutani? Kijana akafurahi, nadhani kwa kuwa wateja wengi hawakufika hapo. Akaniambia kwamba kile kipimajoto alipewa bure na mwalimu mmoja wa sayansi, aliyekitoa kama kitu kibovu, kwa kuwa kila alipokitia katika maji yachemkayo mbele ya wanafunzi wake kilikataa kufika 100, kikasimama 96. Fundi alikichukua, akaenda nacho Mwaloni, Kirumba, akaomba konzi chache za barafu iliyosagwa, ile ile iwekwayo sangara wasioze, akakitumbukiza katika barafu hiyo ilipokuwa ikiyeyuka, nacho kikashuka hadi sifuri kikatulia. Kisha akachemsha maji juu ya jiko la mkaa. Kikapanda, kikasimama 96. Akajua kwamba kipimajoto kile ni kizima na kwamba kosa lilikuwa katika matarajio ya mwalimu: maji huchemka kwa nyuzi 100 huko Tanga na Unguja, usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Viktoria umeinuka yapata mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, haiyabani maji kwa nguvu ile, na maji ya Mwanza huchemka kwa kiasi cha nyuzi 96. Mwalimu alikuwa amemfukuza shahidi mwaminifu kwa sababu alisema habari za Mwanza badala ya kusema maneno ya kitabu.

Nimekaa na kisa hicho miaka mingi, na kila nikikirejea naona kina adabu zaidi kuliko nilivyodhani. Ni rahisi kushuku mashine. Si vigumu sana kushuku kipimo. Lililo gumu ni mtu kuishuku ile mizani aliyoibeba kichwani mwake, ambayo kwayo anahukumu mashine na kipimo pamoja. Laiti yule mwalimu angekuwa na uwezo wa kukirekebisha kipimajoto chake, angekiongezea nyuzi nne kwa nia njema kabisa, na tangu siku hiyo kingekuwa kiongo kweli kweli.

Feni ilikuwa shauri jingine, kwa maana haina baridi ya alfajiri ya kuisawazisha na wenzake. Fundi akatia nukta ya wino mweupe wa kufutia kwenye kipande kimoja cha feni nyeusi, akafunga mlango, tukabaki na taa ya tubu peke yake. Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 katika kila sekunde, na taa ya namna ile ya zamani, yenye choki, humeta mara mbili kwa kila kupanda na kushuka, yaani mara 100 kwa sekunde, kwa haraka ambayo jicho halitambui. Feni ilipozunguka sikuona duara la weupe kama nilivyotazamia. Niliona nukta nne, kila moja katika robo yake, zikirudi nyuma polepole kama watu wanaoaga bila kutaka kuondoka. "Elfu moja na mia tano," fundi akasema, "pungufu kidogo." Taa ikimeta mara 100 na nukta ikaonekana mahali pane, basi feni huzunguka mara moja kwa kila mimeto minne: mara 25 kwa sekunde, mara 1,500 kwa dakika, na kule kurudi nyuma kwa nukta ndiko kuliko upungufu wenyewe.

Kabla sijamsifu, akajipinga mwenyewe. Nukta nne zingeonekana vile vile, alisema, kama feni ingekuwa inazunguka mara 4,500, kwa kuwa ingekuwa inatimiza robo tatu za duara kati ya mmeto na mmeto. Jicho peke yake haliwezi kutofautisha. "Lakini feni ya 4,500, mzee, ungeisikia toka barabarani." Sikio likakata shauri pale jicho liliposhindwa. Akaongeza kwamba hata hizo 50 za umeme huyumba kwa punje ndogo, kwa hiyo yeye huitumia taa kujua kama chipu imekosea kwa nusu au kwa maradufu, na hadai kwa taa ile usahihi ambao taa haina. Kujua kipimo chako kinaweza kukupa nini na hakiwezi kukupa nini ni nusu ya ufundi huu. Nadhani ndiyo nusu iliyo adimu.

Sasa ikabaki kujua kwa nini chipu iliandika 0 palipo na 1,500, na hapo ndipo fundi aliponiingiza katika hesabu ambayo sijaisahau. Chipu ile ilikuwa ya ukoo wa LM78, chipu ya kampuni ya National Semiconductor ya Marekani, ambayo pamoja na ndugu yake LM75 ndiyo iliyotoa jina la lm_sensors, programu ya kusoma vipimo katika Linux iliyoanza mwaka 1998 na ambayo kijana huyu aliitumia. Feni yenye nyaya tatu hupokea umeme kwa waya mweusi na mwekundu, na wa tatu, aghalabu wa njano, ni ulimi wake: husema mara mbili katika kila mzunguko. Mimi nilidhani chipu huyahesabu maneno hayo. La, hufanya kinyume. Ndani yake mna mpiga ngoma asiyechoka, apigaye mara 22,500 kwa sekunde, na kinachohesabiwa ni mapigo ya ngoma yanayopita wakati feni inamaliza duara moja; feni ya haraka hupitiwa na mapigo machache, na feni ya taratibu hupitiwa na mengi. Feni yangu ya 1,500, kwa hesabu hiyo, ilipitiwa na mapigo 900.

Lakini chombo cha kuwekea hesabu kilikuwa na tarakimu nane tu za jozi, na mwisho wake ni 255. Sisi tuliolelewa kwa methali ya haba na haba hujaza kibaba hatukufikiri sana juu ya litokealo baada ya kibaba kujaa, nalo ni hili, kwamba kibaba kilichojaa hakijui tena kilichozidi, na punje moja ya ziada na gunia la ziada ni mamoja kwake. Chipu hutoka kiwandani ikiwa imeamriwa kuhesabu mapigo mawili mawili, hivyo 900 zikawa 450, zikafurika. Ikaandika 255, na programu ilipoiona 255 ikafahamu kwamba imengoja hata chombo kikajaa na feni haijasema neno, ikahukumu kwamba feni imekufa. Kumbe haikufa, ilikuwa inazunguka kwa makini. Katika chombo kidogo, mwenye mwendo wa pole na maiti huandikwa kwa namba moja.

Dawa yake ni ile ambayo wauza nafaka wa pwani waliijua kabla ya babu zetu: mwenye vingi hapimiwi kwa kibaba, hupimiwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Fundi akaandika mstari mmoja wa kuiamuru chipu ihesabu kwa nne. Vibaba 900 na vichache, kwa kuwa feni ilikuwa pungufu kidogo ya 1,500, vikawa pishi 226, zikaingia chomboni na nafasi ikabaki, na programu ilipozizidisha tena kwa nne ikaandika, mbele ya macho yangu, mizunguko 1,493 kwa dakika. Nikaitazama feni chini ya taa. Nukta nne zilikuwa bado zinarudi nyuma polepole, kwa kadiri ile ile ya upungufu.

Jambo nililoanza kulifahamu asubuhi ile ni kwamba mashine yangu haikusema uongo hata mara moja. Ilijibu ilivyoulizwa, kwa chombo ilichopewa, kuanzia sifuri iliyowekewa. Na kila kipimo duniani kina sifuri iliyowekwa na mtu, mahali alipoona panafaa. Anders Celsius wa Uswidi, ambaye jina lake tunalitaja kila tusemapo nyuzi za joto, aliweka mwaka 1742 sifuri yake penye maji yachemkayo na 100 penye barafu, na watu waliokuja nyuma yake ndio walioigeuza kichwa chini miguu juu. Ziwa letu nalo lina sifuri ya namna hiyo. Kipimo chake mashuhuri cha usawa wa maji kiko Jinja, huko Uganda, penye mlango wa Nile. Na Mei 2020, maji yalipopanda yakaingia katika nyumba za pwani na kufunika magati kuanzia Kisumu hadi kwetu, kipimo hicho kilisoma kiasi cha mita 13.4. Mtoto akisikia hivyo atadhani ziwa lina kina cha mita 13, ilhali mahali penye kina kirefu hufikia mita 80 hivi. Namba ile haihesabu kutoka sakafu ya ziwa. Huhesabu kutoka alama iliyochaguliwa na watu, iliyo yapata mita 1,122.9 juu ya usawa wa bahari.

Alama hiyo haina siri yoyote ya maumbile, na lau wangeiweka juu zaidi au chini zaidi ziwa lisingejali. Thamani yake ni kwamba imeandikwa, haikuhamishwa, na wote wanaoitumia wanajua ilipo. Kwa ajili hiyo mafuriko ya babu, yaliyoanza mwisho wa 1961 na kulipandisha ziwa zaidi ya mita 2 hadi 1964, yanaweza kuwekwa mizani moja na mafuriko ya mjukuu ya 2020. Si lazima sifuri iwe ya kweli, lazima ijulikane.

Mashine zimebadilika tangu zama hizo, na maradhi haya yamebadili mavazi tu. Prosesa za Intel za ukoo wa Core zina kihisio ndani ya tumbo lao ambacho hakisemi joto. Husema nyuzi zilizobaki kufika kikomo kisichotakiwa kupitwa, mfano wa nahodha ambaye hasemi ametoka wapi, husema tu maili zilizobaki kufika bandarini. Programu isipoijua bandari itakisia, na zamani zilikisia sana: kikomo kikiwa 85 na programu ikadhani 100, kila joto litaongezewa nyuzi 15 ambazo hazipo, na mwenye mashine atapoteza usingizi bure. Kihisio hicho tena husema vizuri kikomo kinapokaribia, na kwa mbali maneno yake hulegea. Mwaka 2017 kampuni ya AMD ililazimika kuwaeleza wateja wake kwamba prosesa zake za Ryzen 7 1700X na 1800X hutangaza joto lililoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, ili feni zifuate taratibu moja katika aina zote za prosesa hizo. Sitashangaa kama wapo waliokuwa wamekwisha kununua feni mpya.

Mtu aliyefuata maneno haya anaweza kudhani kwamba ufundi huu ni ufundi wa kukanusha, na kwamba fundi hodari ni yule awezaye kumtuliza kila mwenye hofu. Kisa nilichokishuhudia katika ziara ya pili kitaizuia dhana hiyo. Alikuja mama mmoja mwenye steshenari, mwenye haraka, kompyuta yake ya kuchapia barua za watu ikizimika kila adhuhuri. Programu ilikuwa ikionyesha nyuzi 88, naye alikuwa amesikia kwamba kijana huyu ana mstari wa kuandika unaoshusha namba. Ni kweli, mstari huo upo: katika faili la mipangilio unaweza kuongeza au kupunguza kiasi chochote upendacho, na kioo kitatii. "Nishushie hata ishirini tu, mwanangu," alisema, "wateja wananingoja."

Kijana akamwitikia kwa heshima na kumwomba dakika chache. Akaipima ile namba kwa njia zake, akaona ni ya kweli, akafungua mashine. Kati ya feni na bati la kupozea palikuwa na kitu kama blanketi jembamba la kijivu: vumbi lililoshikamana na visubi vya ziwani, wale wapandao kutoka majini kama nguzo za moshi, hasa mwezi unapoandama, wakafuata taa za madukani na kufa palepale. Feni ilikuwa inazunguka kwa mwendo wake wote na haipitishi hewa. Na hewa yenyewe, kwa urefu huu tulioinuka juu ya bahari, ni pungufu kwa kiasi cha sehemu moja kwa kumi, hivyo hata feni safi hapa hubeba joto pungufu kuliko ingalivyobeba pwani. Akalitoa blanketi lile kwa brashi, akapaka pesti mpya juu ya prosesa, akafunga. Namba ikashuka yenyewe hadi 61. Nilipomwuliza baadaye kama hakushawishika, maana mstari ungemchukua nusu dakika na malipo yangekuwa yale yale, alinijibu kwamba mstari ule ni wa kuandika alichokipima, si alichokitamani mteja. Mama yule angeondoka na 68 mkononi na moto tumboni mwa mashine.

Namrudia sasa fundi katika asubuhi ya kwanza, kwa kuwa nimeruka jambo moja, na nimeliruka kwa aibu. Alipokuwa anarudisha bati la ubavuni la kompyuta yangu, aliligeuza akaniita. Upande wake wa ndani palikuwa na kipande cha utepe wa karatasi, cha manjano kwa uzee, kilichoandikwa kwa kalamu na mtu wa huko mashine ilikotoka. Maneno yalikuwa ya lugha ambayo mimi na yeye hatuijui, ila tarakimu hazina ugeni: 2800, na chini yake 2. Fundi akapiga hesabu kwa sauti. Feni ya 2,800 hupitiwa na mapigo 482. Ukihesabu mawili mawili, ni 241. Yanaingia ndani ya 255, na nafasi inabaki. Mtu yule alikuwa amepima feni yake, akakuta chombo kinatosha, akaandika ili atakayekuja ajue. Kisha nikaja mimi, nikaing'oa feni ya 2,800 nikatia ya 1,500, sikukiambia kipimo, na kiliponijibu kwa maagizo ya zamani nikakiita kiongo.

"Mzee," kijana alisema bila kuniangalia, "ulisema hukubadili kitu."

Sikuwa na la kujibu. Akakata kipande cha utepe mweupe, akaandika kwa herufi zilizosimama vizuri: Feni 1,500, kwa nne. Joto la tatu, hakuna kitu. Asubuhi, chumba 25. Akakibandika chini ya kile cha kwanza, akakipitishia kidole gumba ili kishike. Nikamwuliza kwa nini hakukibandua kile cha zamani, madhali feni yake haipo tena na maneno yake hayasomeki. Akalitazama bati kitambo, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na haja ya kuulizwa.

"Huyu alipima vizuri, mzee," akasema, akalifunga.